Kofia ya Boflo

Mimi ni mtu mmoja, lakini nina majina ya kutosha kijiji. Asubuhi nikitoka chumbani kwangu Magongo, jirani yangu aliyehamia kutoka bara, mwenye moyo mzuri na redio isiyojua kuzimwa, huniita Mpwani. "Mpwani! Umeamka kweli, au umeamshwa na njaa?" Nikifika kisiwani kwenye shughuli zangu, wenye kisiwa hunijua kama mtu wa ng'ambo, kana kwamba nimevuka bahari saba, na si maji ambayo mbuzi mwenye haraka angeyaruka. Nikivuka tena upande wa Likoni, pale kwenye lami na maduka, naitwa Muhogo. Na nikiiacha lami nikaingia njia ya mchanga ya kwetu, huko nyuma kwenye mikorosho na minazi, hapo ndipo majina yanapokwisha. Huko kila mtu ni mjomba wangu au mimi ni mjomba wake, na kuku peke yao ndio hawana hakika.

Nimesoma, lazima niseme mapema nisije nikadharauliwa. Nilisoma madarasa ya jioni nikapata cheti cha sekondari nikiwa na ndevu na mtoto wa kwanza, katika chumba chenye taa moja na mbu wakubwa kama njiwa. Mwalimu wetu wa uraia alitufundisha kwamba wadi ni moja na watu wake wote ni sawa mbele ya serikali. Niliandika hivyo kwenye mtihani, nikapasi vizuri sana. Hakutuambia kwamba wadi moja yaweza kuwa na nchi mbili ndani yake, na mpaka wake ukawa ni pale lami inapokatika.

Ya kwetu ndivyo ilivyo. Upande wa lami kuna nyumba za kupangisha, zimebanana hata mtu akipiga chafya, wa nyumba ya tatu ndiye anayesema "afya!" Upande wetu kuna mashamba. Watu wa lami sisi tuliwaita Maboflo, kwa sababu asubuhi walikunywa chai kwa boflo, mkate wa kununua dukani. Wao wakatuita Mihogo, na sababu haihitaji mwalimu. Mtoto wa kwetu huota meno kwa muhogo, huposa kwa muhogo, na akifa, matanga yake hulishwa muhogo wa nazi.

Lakini nataka nieleweke. Hayo yalikuwa majina ya utani, na utani kwetu ulikuwa kazi kamili, yenye sheria zake. Mababu wa pande hizi mbili waligombana zamani, kisha wakaozana, na waliposhindwa kukubaliana nani aliyeanza ugomvi wakaweka utani. Mtani humwamkii. Hakuna shikamoo wala marahaba baina yenu, hata mmoja wenu awe na mvi mpaka kwenye nyusi. Mkikutana mnatukanana kwanza, ndipo mnaulizana hali. Mtani akikuvua kofia mbele za watu, huna haki ya kununa: utamfuata nyumbani kwake uikomboe wewe mwenyewe, kwa chakula na matusi, naye atakurudishia. Mtani hashtakiwi popote. Na siku ya msiba, mtani ndiye mwenye idhini ya kuwachekesha waliofiwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake kubwa. Asipokuja, waliofiwa hukaa na msiba wao mzima mzima, hakuna wa kuupunguza.

Mjomba wangu, kaka yake mama, ni mkulima, na mtani wake alikuwa mtu wa lami ambaye babake alikuwa na tanuri la mikate. Basi yeye alikuwa Boflo wa Maboflo wote. Walikua pamoja, wakaoa mwaka mmoja, wakawa wazee pamoja. Kelele zao zilisikika kabla hawajaonekana.

"Muhogo! Bado hujaoza?"

"Boflo! Ingia, wallahi, ingia ndani kabla jua halijakukausha tukaja kukubandua kwa kisu."

"Nipeni kiti. Lakini si kile cha kunguni."

"Kunguni wote wamehamia kwako. Wamesikia mna umeme."

Mkaza mjomba, yaani mke wa mjomba, mwanamke aliyecheka kwa bega moja tu, alikuwa akiwaamua: "Nyamazeni nyote wawili, mle. Chakula hakijui nani wa lami." Nao walinyamaza muda wa tonge moja.

Nilikuwa mdogo siku nyanya yangu alipozikwa, lakini nakumbuka kuliko ninavyokumbuka harusi yangu mwenyewe. Jeneza lilikuwa likija njiani, wanaume wamelibeba, mjomba yuko mbele, uso umemvimba kwa kulia. Boflo akakaa chini katikati ya njia, miguu kaikunja, kama mtu aliyekuja kunywa kahawa.

"Hapiti mtu," alisema. "Huyu bibi ana sufuria yangu."

Waliobeba wakasimama. Mjomba akamtazama. Machozi yanamtiririka na bega linaanza kumtetema.

"Ondoka, Boflo. Jua kali. Tumzike mama."

"Sufuria kwanza. Alipika humo muhogo, ikaungua, akasema ni paka. Leo niambieni, ni paka gani anayepika?"

Mjomba alicheka kicheko ambacho nina hakika kilisikika Mtwapa. Akacheka analia, analia anacheka, na Boflo akainuka, akashika jeneza upande wa mbele, akalibeba mpaka makaburini bila kumpokeza mtu. Mpaka leo sijaona mtu akimfariji mwenzake vile.

Basi Boflo alipogombea kiti cha wadi, upande wetu hatukuuliza sera. Diwani wetu ni mtani wetu, tutake nini tena? Mjomba alitembea nyumba kwa nyumba na maneno yale yale: "Mpeni kura yule mdai sufuria." Wagonjwa walipelekwa kituoni kwa mkokoteni. Hata waliokufa, nadhani, walijaribu kuamka. Boflo akashinda, akawa mheshimiwa, na jambo la kwanza aliloahidi lilikuwa maji ya bomba, kwa sababu visima vyetu vilikuwa vimeanza kuingia chumvi na chai ya kwetu ilikuwa inakaribia kuwa mchuzi.

Bomba lilikuja. Lilikuja kwa fahari, mafundi, mitaro, kelele. Likafika msikiti wa mwisho wa lami, likasimama. Ukienda leo utaona mdomo wake umezibwa kwa kifuniko cha plastiki, unaelekea kwetu kama mtu aliyetaka kusema neno akaghairi.

Mjomba hakulaumu. "Yuwaja," alisema. "Boflo humjui wewe. Yeye huchelewa ili atukanwe."

Ulipokaribia uchaguzi wa pili hesabu ilikuwa imebadilika. Vyumba vya kupangisha vimeongezeka upande wa lami, na kura za jengo moja kule zingemeza kijiji chetu na mikorosho yake. Siku moja, niko Magongo, jirani yangu wa redio akanionyesha simu. "Mpwani, huyu si wa kwenu?" Alikuwa Boflo, kwenye mkutano wa lami, kavaa kofia nyeupe ya vito, ile ya kushonwa kwa mkono, kipaza sauti mkononi.

"Wananiuliza maji ya Mihogo yako wapi," alikuwa akisema. "Mihogo imezoea visima! Ukiwapelekea bomba watamwagilia shamba. Wanaamka saa ngapi hao? Wanalipa nini hao? Mwanzo nyinyi watu wa mjini, nyinyi wenye kura, halafu makombo wao!"

Watu waliruka na kupiga mbinja. Jirani yangu hakucheka. Aliniangalia akasema, "Pole, bro," kama mtu anayempa pole aliyefiwa. Nilijua papo hapo kilichokuwa kwenye ile sauti, kwa sababu mimi nimeitwa majina kila upande wa maji haya, nalijua jina linalokukaribisha na jina linalokufungia mlango. Mjomba wangu hakuwa na elimu hiyo. Yeye maisha yake yote alikuwa ameitwa Muhogo na watu waliompenda.

Nilipokwenda nyumbani nikakuta mjomba ameshaonyeshwa ile video na vijana. Vijana wamenuna. Yeye anafuta machozi ya kicheko.

"Umeona? Umeona, mjomba? Hajanisahau! 'Watamwagilia shamba'! Wallahi huyu mtu hana haya."

"Mjomba," nilisema, "hakuwa anakuambia wewe."

"Alikuwa anamwambia nani? Muhogo ni nani kama si mimi?"

"Alikuwa anawaambia wao. Kukuhusu wewe."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama msomi. "Cheti kimekuharibu," alisema. "Utani hujibiwa. Ijumaa ana mkutano pale uwanjani. Mkaza mjomba wako anipigie pasi kanzu."

Mkaza mjomba alikuwa kwenye mkeka, anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Mwambie asiende," aliniambia mimi, na mjomba mwenyewe yuko pale pale. Kisha akainuka akaenda kupiga pasi.

Nikamfuata, maana nani angemwacha mzee aende peke yake? Uwanja ulijaa watu wa lami mpaka ukutani. Mjomba alipita katikati ya watu na kanzu yake iliyonyooka, mkononi kabeba muhogo mbichi mrefu, amechagua mkubwa kuliko yote, mimi ningesema ulikuwa na urefu wa mtoto wa darasa la nne. Watu walimpisha kwa sababu ni mzee. Alipanda jukwaani kwa ngazi ya pembeni, taratibu, bega limeshaanza kumcheza.

"Boflo!" alipiga ukelele. "Boflo mwenye ukungu! Leo nakuvua!"

Akamvua kofia, akaivaa yeye, na ule muhogo akauweka mikononi mwa mheshimiwa pale penye kipaza sauti.

Kwa mujibu wa sheria zote za mababu, hapo Boflo alitakiwa kupiga yowe, ajishike kichwa, amtukane mpaka mizimu izibe masikio, na uwanja mzima ucheke hadi jioni. Nusu ya wazee waliokuwa pale walikwisha fungua midomo kucheka. Lakini Boflo alirudi nyuma hatua, na vijana wake wa ulinzi, vijana wageni wasiojua nani ni nani, wakamrukia mjomba. Walimburuta kwenye zile ngazi. Nilimsikia akiwaambia, bila hasira, kama anayeelekeza njia: "Muulizeni! Mimi mtani wake! Muulizeni!" Kisha akaanguka vibaya juu ya mkono wake.

Hawakumuuliza Boflo, na mwenyewe hakusema. Boflo alimtazama mjomba pale chini. Niliona kwamba amemtazama. Halafu akageukia watu na kusema, "Mnaona? Hawa ndio tunaoambiwa tuwape bomba," na uwanja ukalipuka.

Nilimwinua mjomba. Kofia ilikuwa imebingirika chini ya jukwaa, nikaichukua, sijui kwa nini. Labda kwa sababu mjomba alikuwa akiitafuta kwa macho.

Mkono ulivunjika kifundoni. Vijana wa kwetu walitaka kwenda polisi jioni ile ile, wengine walitaka kwenda na mapanga. Mjomba akakaa mlangoni na mkono wake wa plasta akawazuia wote.

"Mtani hashtakiwi."

"Babu, amekuvunja!"

"Hakunivunja yeye. Wale watoto hawajui. Yeye alikuwa na watu wake, aliona haya. Kofia yake ninayo. Atakuja kuikomboa."

Kofia ikaoshwa. Mkaza mjomba aliitia wanga wa muhogo ikasimama imara kama mpya, na ikatundikwa msumarini sebuleni, mkabala na mlango, mahali ambapo mtu akiingia tu ataiona. Na mjomba akaanza kungoja. Hayo mengine yote, kiti, bomba, kura, aliyaacha. Alitaka jambo moja: Boflo aje, asimame mlangoni, amwite Muhogo, aombe kofia yake.

Boflo alishinda tena, na kura zetu hazikuhitajika. Gari kubwa likivuma upande wa barabara mjomba alikuwa akinyamaza katikati ya sentensi. Likipita, anaendelea. Mkaza mjomba kila mara alikuwa akiipangusa ile kofia vumbi. Mimi nilikuwa nikienda mwisho wa wiki na vichekesho vyangu vya Magongo, natia chumvi kuliko kisima, na yeye anatabasamu kwa adabu.

Na huku nje jina lilikuwa limeanza kuoza. Kijana wa kwetu alimpiga kofi mwendesha boda wa lami aliyemwita Muhogo, ikawa vita ya mawe kutwa. Harusi moja ya pande mbili ilikuja ikavunjika kwenye mahari kwa neno hilo hilo. Watu wa lami nao wakalisikia jina Boflo kwa masikio mapya. Vyakula viwili, vyote tunavila, na watu hawawezi tena kuvitaja mbele ya wageni.

Kisha mkaza mjomba akaugua, akafa. Jambo hili naliandika kwa ufupi kwa sababu lilikwenda kwa ufupi. Aliumwa tumbo, akasema si kitu, akasema tena si kitu, na alipopelekwa hospitali madaktari waliuliza kwa nini amechelewa.

Asubuhi ya mazishi mjomba alikuwa mtulivu kupita kiasi. Alioga, akavaa kanzu ile ile, akakaa barazani. Kila aliyekuja alimpa mkono, na juu ya bega la kila mtu mjomba alikuwa akiangalia njia.

"Atakuja," aliniambia. "Msibani hakosi mtu. Alimlia huyu marehemu pilau zake miaka yote. Yuwaja akae njiani, utaona."

Na kweli alikuja. Nataka nimpe haki yake: alikuja. Gari tatu, vumbi lililofunika minazi, vijana wa ulinzi, mtu wa kubeba spika. Wazee wa kwetu waliinua shingo. Nasema bila kutia chumvi hata chembe, na mnajua inavyoniuma kusema hivyo: kila mtu pale alikuwa anamwombea Boflo. Hata waliokuwa na mawe mifukoni. Tulikuwa tunaomba aseme neno moja la kipuuzi, "Muhogo, hujaoza?", basi, tungesahau bomba, na mkono, na makombo.

Mjomba aliingia ndani akatoka na ile kofia, nyeupe, imesimama kwa wanga wa yule tuliyekuwa tunakwenda kumzika. Akaja mpaka mbele ya Boflo. Wakatazamana. Niliona bega la mjomba limeanza, kidogo sana, kucheza.

"Shikamoo, mheshimiwa," alisema.

Kwa mtani hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Mwenye mvi kumwamkia mwenziwe aliyecheza naye kombolela utotoni! Ni kumfungulia mlango mpaka ukutani, ni kumwambia ingia, tukana, sema lolote. Mtoto wa kwetu wa miaka sita angejua la kujibu.

Boflo alimwekea mkono begani.

"Marahaba, mzee wangu," alisema. "Pole sana. Mungu amlaze pema."

Akapita kuelekea kwenye kipaza sauti.

Kicheko cha mjomba kilikuwa kimeshafika usoni, nacho kilibaki pale pale, hakuna wa kukipokea, mpaka nikaona bora niangalie chini. Nyuma yetu mheshimiwa alikuwa akisema kwamba marehemu alikuwa mama wa wadi nzima, na kwamba suala la maji analijua na linashughulikiwa. Hatukupiga makofi, kwa kuwa ulikuwa msiba.

Mjomba alimwendea kijana mmoja wa ulinzi. Akampa ile kofia kwa mikono miwili, ule wa kulia bado haukunjiki vizuri.

"Mpe mheshimiwa, mwanangu. Aliisahau."

Kijana akaitupa mbele ya gari, juu ya dashibodi, pamoja na chupa za maji. Tulibeba jeneza. Njia ilikuwa nyeupe mbele yetu mpaka makaburini, hakuna aliyekaa katikati, tukafika upesi sana.

Jioni, wageni wa mbali wameondoka, nilikaa na mjomba kwenye mkeka. Mimi ni mtu wa mdomo, nikashika kazi isiyo yangu.

"Muhogo we," nilisema, "hata leo hujachoka kunihesabia tonge?"

Hakunigeukia.

"Usiniite hivyo, mjomba."

"Ni utani tu."

"Na nani?"

Akaniambia kuna wageni wa matanga bado hawajanawa mikono, na pipa limekauka. Nikachukua ndoo nikaenda kisimani. Niliteka maji, nikayaonja chumvi yake kwa kidole kama tunavyofanya siku hizi kabla ya kuyabeba, nikayabeba hivyo hivyo.